Vidole Vitatu kwenye Madigadi

Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na jibu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Fundi aliuliza swali dogo tu, akiwa amechuchumaa nyuma ya gari, mkono umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Humu mlitia mafuta ya breki ya aina gani?"

"Ya silikoni," akasema Mama.

"Ya kawaida," akasema Mjomba, kaka yake Mama, wakati uleule.

Wakatazamana. Fundi akawatazama wote wawili, kisha akalitazama gari, kana kwamba lenyewe lingeweza kuamua ugomvi.

Lilikuwa gari la zamani, rangi ya maziwa, pua ndefu, madigadi yake ya mbele yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Mzee Taratibu alilinunua kwa kampuni aliyokuwa dereva wake, siku walipolichoka, na tangu hapo akalisugua na kulipaka nta mpaka wanawe wakawa wanasema kwamba wao ni wa kufikia, gari ndilo la kuzaa. Jina la Taratibu alipewa na mtaa, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila aliyegusa mlango wake. Binti zake wawili wakubwa walitoka nyumbani kwa gari hilo siku za harusi zao, baba yao kwenye usukani, amevaa kofia ya kazi. Sasa ilikuwa zamu ya Kitinda, wa mwisho. Harusi ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Safari hii Mzee asingeendesha. Kiharusi kilikuwa kimempitia, kikamwachia mkono na mguu wa kulia vizito kama vya kuazima, na maneno yaliyochanganyikana kama vifungo vya Mama ndani ya kopo. Akitaka chai alisema "daraja". Kichwa chake kilikataa alipotaka kukubali, na mara nyingine kikakubali kweli, usijue leo ni zamu ipi. Kitinda alikuwa anamwita "Ndoo". Na Kitinda, mtoto wa watu, alikuwa anaitika, "Abee, Baba," kila mara, bila kucheka.

Mama alisema yeye anamwelewa. "Miaka yote hii nimelala naye kitanda kimoja, nitashindwa kumwelewa?" Wageni walipokuja, Mzee alisema neno moja na Mama akalitafsiri likawa sentensi nzima, tena yenye salamu. Watu waliondoka wakimsifu.

Fundi alijifuta mikono. "Sikilizeni. Raba ya gurudumu hili imechoka, ndiyo maana linavuja. Raba nimeipata, moja, kwa kubahatisha. Lakini mafuta nitakayojaza lazima yawe ndugu wa haya yaliyomo. Silikoni na ya kawaida hayapatani. Ukiyachanganya yanaharibu raba, yanaganda kwenye mabomba, halafu siku moja unakanyaga breki, mguu unakwenda mpaka chini na gari halina habari na wewe."

"Si umwage yote utie mapya?" Kitinda akauliza.

"Mapya ya aina ileile, sawa. Lakini nikibadili aina, nioshe mabomba yote na nibadili raba zote. Na raba zote za gari hili, dada'ngu, ni za kuagiza mbali. Zitafika mtoto wako ameshaanza shule."

Kutoka nyumbani kwao kwenda ukumbini kulikuwa na njia moja tu, nayo ilishuka mteremko mrefu na kuishia kwenye makutano ya barabara kuu, penye malori. Kila mmoja aliuona mteremko ule kichwani mwake, na ndani ya gari akamwona Kitinda na gauni lake.

"Basi tutafute gari jingine," Kitinda akasema polepole.

"Baba yako akae wapi kwenye hilo jingine? Nyuma, kama kifurushi?" Mama akamjibu. "Usukani ameshanyang'anywa. Kiti cha mbele cha gari lake nacho tumnyang'anye?"

Kitinda akageuka kutazama bandani.

Kwenye rafu ya banda la gari kulikuwa na makopo mawili, moja la mafuta ya kawaida na moja la silikoni. Yote mawili yalikuwa yamefunguliwa, na yote yamefika nusu. Hayo ndiyo yaliyomvuruga Fundi kabisa.

"Mimi nitawaeleza," Mama akasema, mikono kiunoni. "Zamani alikuwa anatia ya kawaida. Siku moja yakamwagika kwenye boneti, yakala rangi yote pale, ikavimba na kubanduka. Huyu mume wangu siku ile hakula. Nikamwambia, baba, kuna haya ya silikoni, hayali rangi, weka haya tupumzike. Akanunua. Nikamuuliza, umeweka? Akaniambia, nimeweka, mke wangu. Kwa mdomo wake."

"Lakini mimi nililiendesha mwaka jana," Mjomba akasema. "Pedeli ngumu, safi. Hayo ya silikoni yanakuwa laini laini, kama unakanyaga mkate. Mguu wangu haudanganyi."

"Mguu wako uligonga geti la jirani."

"Geti ndilo lililokuwa limejaa barabarani, dada!"

Fundi alikuwa amevuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano na kuyamimina kwenye kikombe cha plastiki. Akayaonyesha. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. "Ya silikoni yakiwa mapya ni zambarau, lakini yakizeeka yanafifia. Ya kawaida nayo yakizeeka yanakuwa hivihivi. Kwa kutazama tu, mimi siapi."

"Basi tumuulize mwenyewe," akasema Kitinda.

Mzee Taratibu alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, kwenye kiti chake, anawatazama tangu mwanzo. Alikuwa amesikia kila neno. Kiharusi hakikugusa masikio yake, lakini Mjomba alimwinamia na kupiga ukelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"SHEMEJI! BREKI! SILIKONI? AU KAWAIDA?"

Mzee akafumba macho kwa ule ukelele. Kisha akafumbua mdomo. Neno likakwama, akalisukuma, shingo ikamsimama mishipa.

"Zambarau," akasema. Kichwa kikatikisika kukataa. Kisha kikakubali. "Zambarau... daraja. Zambarau." Mkono wake wa kushoto ukainuka, ukageuka kiganja chini, ukabaki hewani.

"Mmesikia?" Mama akasema kwa ushindi. "Anasema, niliweka ya zambarau, mke wangu, nilikuahidi na nikaweka."

"Amesema hayo yote?" Fundi akauliza.

"Kwangu mimi amesema."

Mzee akamtazama mkewe. Akarudia "zambarau" kwa sauti kubwa zaidi, kiganja kikageuka tena, na Mama akamshika mkono ule, akaurudisha mapajani, akaupapasa. "Tumekuelewa, baba. Pumzika."

Kwa wakati huo Mjomba alikuwa ameingia kwenye simu, na mtu akishaingia humo hatoki bila elimu. "Tulieni! Kuna jaribio hapa. Unachukua maji, unachanganya na hayo mafuta. Yakichanganyika ni ya kawaida. Yakikaa juu ya maji ni silikoni. Kwisha maneno! Dada, leta kichupa cheupe tuone vizuri."

Mama akakimbilia meza yake ya cherehani. Alikuwa anashona gauni la harusi, na meza imejaa vipande vya kitambaa, pini na vichupa. Akachukua kimoja, akakisuuza kwa maji mara mbili, akakileta. Fundi akatia mafuta kidogo, akaongeza maji, akaziba kwa kidole gumba na kutikisa. Wakainamia kichupa wote, vichwa vimegusana.

Maji yakatulia. Juu yake, taratibu, ukajikusanya utando mwembamba unaong'aa.

"Haya!" Mjomba akapiga kofi. "Silikoni hiyo! Nilijua."

"Si ulisema ya kawaida?" Kitinda akamuuliza.

"Nilisema nilivyohisi. Sasa nasema ninavyoona."

Pale kwenye kiti Mzee Taratibu alikuwa ananyoosha mkono kuelekea kwenye kichupa. "Chupi," akasema. "Chu... kiatu! Kiatu!" Mama akamtazama, akaona miguu yake iko peku, akaenda kumletea ndara. Akamvisha kwa upole. Mzee akaitupa moja kwa mguu mzima, ikaangukia karibu na Fundi.

"Amechoka," Mama akaeleza. "Kelele za watu zinamchosha."

Fundi alijikuna shingo. Hakuonekana mtu aliyeridhika, lakini hakuwa na la kubishania. "Macho yangu yameona mlichoona. Kesho asubuhi nakuja na kopo jipya la silikoni, nabadili raba, najaza, namaliza." Akaacha kikombe chake na kile kichupa dirishani, akaenda zake.

Jioni Kitinda alikuwa anajaribu gauni, Mama amepiga magoti anapima upindo, pini mdomoni. Jua lilikuwa bado halijazama. Wakasikia sauti ya Mjomba uani.

"Dada! Njoo umwone mumeo!"

Mama akatoka mbio, Kitinda nyuma yake ameshika gauni lisiburuzike. Mzee Taratibu alikuwa amesimama peke yake kando ya gari, bega limeegemea mlango. Turubai la kufunikia gari amelivuta likaning'inia. Kikombe cha Fundi kilikuwa juu ya boneti, na vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa ndani yake. Akavitoa vinadondoka mafuta, akavipitisha kwenye madigadi ya mbele, kutoka juu kwenda chini. Kwenye rangi ile ambayo mtoto akiiwekea kidole aliambiwa taratibu.

"Wewe!" Mama akatema pini. "Unafanya nini? Umekuwa mtoto?"

Akampokonya kikombe, na alipoona anakirudia kwa mkono, akaupiga mkono ule. Halikuwa pigo la kuumiza. Lilikuwa la kumpiga mtoto anayechezea sukari, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mjomba akacheka. Jirani aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ukuta akaacha kuanua.

Mama akashika kipande cha kitambaa, akafuta madigadi. "Harusi keshokutwa, na yeye anapaka gari uchafu!"

"Futa hivyo hivyo inatosha," Mjomba akamwambia. "Si tumeona ni silikoni? Haili rangi."

"Zambarau," Mzee akasema. "Zambarau, zambarau..." Akageuka kumtafuta binti yake. "Ndoo. Ndoo!"

Kitinda alikuwa amesimama na gauni la harusi, jirani anamtazama, mjomba wake anacheka, baba yake mdomo umepinda na vidole vinadondoka mafuta. Aliona aibu. Ni yeye mwenyewe baadaye aliyeitaja kwa jina lake, hakuitafutia jina zuri. Kwa mara ya kwanza hakuitika. Akageuka, akaingia ndani.

Mama alimnawisha Mzee mikono kwenye beseni, kidole kwa kidole, huku anagomba. Kisha akafunika gari, akamhamishia kiti chake ndani, mbali na mlango. Alipogeuka akaona machozi yanamshuka mumewe, na hakuelewa ni ya nini. Akajiambia ni ugonjwa.

Fundi alikuja asubuhi na kopo jipya. Alikuwa ameshaanza kufungua kifuniko Kitinda alipovuta turubai.

Kwenye madigadi ya mbele kulikuwa na njia tatu. Rangi ilikuwa imejikunja na kuinuka kama utando wa maziwa yaliyochemka, na pembeni mwa njia moja ilikuwa imebanduka kabisa, ukaonekana weusi wa bati. Zilianza pamoja juu na kushuka sambamba, kwa nafasi ya vidole vya mtu mzima.

Fundi akainama, akazipima kwa vidole vyake. Kisha akarudisha kifuniko cha kopo, akakikaza kwa nguvu.

"Nani amepaka hapa?"

"Baba," Kitinda akasema.

"Kwa mafuta ya kikombe changu? Yale yaliyotoka humu ndani?"

"Hayohayo."

"Silikoni haifanyi hivi," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Haya ni ya kawaida, mama. Tena ningekuwa nimeshajaza hii sasa hivi." Akalitazama kopo mkononi kama kitu kilichotaka kumuuma.

"Lakini kichupa..." Mama akaanza.

Kichupa kilikuwa bado dirishani. Fundi akakinusa, akakitia kidole, akasugua kidole na gumba. "Kilikuwa na nini hiki kabla?"

Mama alifungua mdomo. Jibu lilimjia taratibu, na uso wake wote ukabadilika kabla hajalisema. "Oili ya cherehani."

"Na oili haitoki kwa kusuuza maji."

"Mimi nilisema tangu mwanzo ni ya kawaida," Mjomba akasema. "Mguu wangu..."

"Mjomba, nyamaza," Kitinda akamwambia, na alikuwa hajawahi kumwambia hivyo mtu mzima yeyote. Machozi yalikuwa yameshamjaa. Aliijua rangi ile. Aliyeipaka mafuta alilisugua gari hili kila siku ya maisha yake, akakosa kula kwa sababu ya doa kwenye boneti, na jana aliliharibu kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hakubakiwa na njia nyingine ya kuwaambia. Nao wakampiga mkono.

Mama aliingia ndani. Mzee alikuwa kwenye kiti, anatazama ukuta. Akakaa sakafuni mbele yake.

"Uliniambia umeweka silikoni," akasema.

Mzee akamtazama. "Zambarau," akasema kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kiganja kikageuka chini, kikamwaga kitu hewani. Kikamwaga tena, mpaka mwisho.

Mama akautazama mkono ule. Ni uleule aliourudisha mapajani na kuupapasa.

"Uliweka," akasema. "Halafu ukamwaga."

Upande mmoja wa mdomo wa Mzee ukainuka.

"Pedeli ilikuwa kama mkate, hukuipenda, ukamwaga, ukarudisha ya zamani. Ukaogopa kuniambia, kwa sababu ningegomba." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka katikati ya njia. "Muongo mkubwa wewe. Na mimi nimekupiga. Mbele ya watu nimekupiga mkono." Akaushika mkono wa kushoto, akauweka usoni kwake, akalia bila kujificha. Alilia kwa ajili ya pigo lile, na kwa ajili ya sentensi zote ndefu alizowahi kumsemea, asijue sasa ni zipi zilizokuwa za mumewe na ni zipi alizitunga mwenyewe.

Kazi ilifanyika asubuhi hiyohiyo. Raba ilibadilishwa, mafuta mapya ya kawaida yakajazwa, ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, na hapo anahitajika mtu wa kukanyaga pedeli. Mjomba alikuwa ameshashika mlango. Mzee Taratibu akaja na fimbo yake, akasimama nyuma yake, akamgonga begani. Mjomba akampisha.

Walimsaidia kuingia. Mguu wa kulia ulilala tu pale chini. Ule wa kushoto, ambao maisha yake yote ulijua klachi peke yake, ukavuka ukaenda kwenye breki.

"Kanyaga!" Fundi akaita kutoka chini. Mzee akakanyaga.

"Shikilia!" Akashikilia.

"Achia!" Akaachia.

Wakaenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Hakukosea hata mara moja, na hakuna aliyemtafsiria. Fundi alipotoka uvunguni alimpa mkono wa kushoto, na Mzee akaukamata kwa nguvu.

Siku ya harusi Mama alileta utepe mweupe wa kufunika madigadi. Kitinda akauchukua, akaufunga kwenye kioo cha pembeni. Alama tatu zikabaki wazi. Watu walizitazama, wengine wakanong'ona kwamba familia imeshindwa hata kupiga rangi, na Mama akasikia, akainua kidevu.

Mjomba alishika usukani, amenyamazishwa na yaliyotokea, anaendesha kama amebeba mayai. Mzee alikaa kando yake na kofia yake ya kazi. Mama na Kitinda walikuwa nyuma. Walipoanza kushuka mteremko, gari likatulia kwenye breki, likashuka kwa adabu.

Katikati ya mteremko Mzee Taratibu akaanza kuhangaika. Akageuza shingo kwa shida, akatazama nyuma. "Daraja," akasema. "Ndo... kiatu. Da..."

"Anasema nini, dada?" Mjomba akauliza. "Anataka maji? Anaumwa?"

Mama akafumbua mdomo. Ilikuwa ni mazoea, sentensi tayari ilikuwa imeshapanga mstari kwenye ulimi wake. Akaimeza.

"Sijui," akasema. "Simamisha gari. Tumngoje."

Mjomba akakanyaga breki. Gari likasimama palepale, mteremkoni, halikuteleza hata kidogo. Nyuma yao honi zikaanza, moja, kisha nyingi. Mtu akatukana dirishani. Mzee alikuwa anahangaika na mdomo wake, jasho linamtoka chini ya kofia, na watu watatu ndani ya gari hawakumsaidia. Kitinda alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Ki," akasema Mzee. Akapumzika. "Ki... tinda."

"Abee, Baba," akaitika.

Mzee akatikisa kichwa, kukubali au kukataa. Hakuwa na la zaidi. Akageuka mbele, akaweka kofia yake sawa, na kwa mkono wa kushoto akamwashiria Mjomba aendeshe.